Enheduanna na Mashairi Yetu ya Sifa

Shairi ninalotaka kulihakiki linakisiwa kuwa na umri wa miaka 4,000 na ushei. Msishtuke. Nitalihakiki vilevile tunavyohakiki shairi lolote linaloletwa kwenye kurasa hizi: ni zuri au si zuri, na kwa nini.

Mtunzi wake anaitwa Enheduanna. Ni mwanamke, tena kuhani mkuu wa mungu wa mwezi katika mji wa Ur, kusini mwa Iraki ya leo. Wasomaji wa Biblia wanaujua mji huo kwa jina la Uru wa Wakaldayo, alikotoka Ibrahimu. Aliishi kwenye miaka ya 2300 hadi 2250 K.K. hivi, na ndiye mtunzi wa kwanza duniani tunayemjua kwa jina. Kati yake na Homer wa Wagiriki kuna kama miaka 1,500.

Kilichonisukuma kumleta hapa ni ubishi usiokwisha kila tunapokutana. Upande mmoja wanasema shairi la kumsifu Mungu, au mama, au nchi, si fasihi hata kidogo, eti ni mahubiri yaliyokatwa beti. Upande wa pili wanajibu kwamba ushairi wa Kiswahili umelelewa na dini, kwa hiyo anayezitukana sifa anamtukana mzazi wake. Mimi naona pande zote mbili zinapigana na kivuli. Sifa haina ubaya. Ubaya uko kwenye sifa ambayo msifuji haombi kitu, hajapoteza kitu, wala hana cha kupoteza. Shairi la namna hiyo unaweza kufuta jina la anayesifiwa ukaweka la jirani yake, na hakuna atakayegundua. Enheduanna anafaa kulionyesha hili kwa sababu jina lake limeachwa kwenye kazi za aina zote mbili, zile za sifa tu na ile ya sifa yenye kesi ndani yake.

Niseme mapema: Kisumeri sikisomi, na elimu yangu iliishia kidato cha nne. Nimesoma tafsiri za Kiingereza, hasa ile ya Hallo na van Dijk ya mwaka 1968 na ile ya Sophus Helle ya mwaka 2023. Kwa hiyo mizani na sauti za lugha yenyewe siziguzi. Nitashika mpangilio, picha na hoja.

Makarani kabla ya washairi

Kwanza tujue kalamu ya Enheduanna ilitoka wapi. Wasumeri waliandika kwa kukandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi wa mfinyanzi. Kila mkandamizo uliacha alama yenye umbo la kabari, ndiyo maana mwandiko huo unaitwa wa kikabari. Vibao vya zamani kabisa vimetoka Uruk, mji usio mbali na Ur, na vina umri wa miaka 5,000 na zaidi. Vingi vilichimbuliwa ndani ya Eanna, eneo la hekalu la mungu mke Inanna, vikiwa vimetupwa pamoja na vifusi vya kujazia ujenzi. Ukihesabu na vipande, ni kama 5,000 hivi.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mwandiko umezaliwa nyumbani kwa mungu. Ungetegemea kukuta nini humo? Sala? Hadithi ya kuumbwa kwa ulimwengu? Hamna. Ni shayiri, bia, kondoo na posho za vibarua. Hekalu lilikuwa na mashamba, mifugo na watu wa kulisha, na mambo hayo yanataka hesabu. Miongoni mwa majina ya mwanzo kabisa kuandikwa ni Kushim, na tunachomjua nacho ni shayiri ya kupikia bia. Wapo hata wanaosema hilo ni jina la cheo tu. Ukiweka hesabu pembeni, vibao vilivyobaki ni orodha: orodha ya vyeo, ya miti, ya samaki, ya vyombo. Kwa orodha hizo makarani wachanga walijifunza alama zao. Ile ya vyeo iliendelea kunakiliwa kwa zaidi ya miaka 1,000.

Alama za mwanzo zilionyesha vitu. Ili ziweze kubeba maneno ya watu, makarani walicheza mchezo ambao Mswahili ataupenda. Chora kaa, yule wa baharini. Mkikubaliana kwamba mchoro huo unasomwa "kaa" na basi, unaweza kuutumia kuandika kaa la moto, na hata "kaa chini". Wasumeri walifanya hivyo kwa mshale. Neno lao la mshale, ti, lililingana kwa sauti na neno lao la uhai, hivyo mchoro mmoja ukafanya kazi mbili. Uhai hauchoreki, lakini sasa ukapata pa kukaa kwenye udongo. Mlango wa ushairi ulifunguka hapo, ingawa washairi hawakuukimbilia. Kazi za fasihi za kale tulizonazo, kama wimbo wa hekalu la Kesh na mausia ya Shuruppak, vibao vyake vya kwanza ni vya kwenye miaka ya 2600 hadi 2500 K.K. Yaani karne kadhaa za makarani watupu!

Ninayaeleza haya kwa sababu orodha haikufa ushairi ulipozaliwa. Iliingia ndani ya ushairi, ikakaa.

Sifa za rejista

Enheduanna alikuwa binti wa Sargon wa Akkad, mfalme wa kaskazini aliyeiteka miji ya Wasumeri. Watu wa Sargon walisema Kiakkadi, lugha yenye undugu na Kiarabu na Kiebrania, wakati Kisumeri hakina ndugu yeyote anayejulikana. Sargon akamweka binti yake kuwa kuhani mkuu huko Ur. Siasa yake iko wazi: mji mzito wa kusini, na hekalu lake linashikwa na damu ya mfalme. Hata jina lenyewe, Enheduanna, ni la Kisumeri na ni la cheo, lenye maana ya kuhani mkuu aliye pambo la mbingu. Alilopewa utotoni limepotea.

Kwa jina lake kuna mkusanyo wa nyimbo 42 za mahekalu. Kila wimbo unaliita hekalu la mji fulani, unalisifu, kisha unamtaja mungu mwenye nyumba. Zinaanzia Eridu na kumalizikia Eresh, kwenye nyumba ya Nisaba, mungu mke wa uandishi. Mwishoni kabisa mtunzi anajitaja, tena kwa kujivuna, kwamba kazi ya namna hii ni mpya.

Picha kali zimo, sikatai. Lakini zisome zote 42 kwa mpigo uone. Utasikia mwalimu anaita rejista. Hekalu, sifa, mungu, kaa. Hekalu, sifa, mungu, kaa. Ukizitazama kama tendo la utawala, nyimbo hizi ni kazi kubwa, kwa sababu miji iliyokuwa ikipigana imekalishwa kwenye benchi moja na kuitwa kwa heshima sawa. Ukizitazama kama ushairi, unaweza kuchomoa wimbo mmoja wa katikati na mkusanyo usilie. Orodha ni hivyo ilivyo. Ukitoa jina moja, mengine yanasogea tu.

Sifa zenye kesi

Sasa chukua kazi ya pili. Wataalamu wanaiita kwa maneno yake ya kwanza, Nin-me-shara, na kwa kawaida inajulikana kama Kutukuzwa kwa Inanna. Ina mistari 153.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtu anayeitwa Lugal-ane ameasi, amelinajisi hekalu, na amemfukuza Enheduanna kutoka kwenye cheo na mji wake. Masimulizi mengine ya zama za Babeli yanamtaja Lugal-ane katika kundi la wafalme walioasi dhidi ya Naram-Sin, mjukuu wa Sargon, ambaye kwa Enheduanna ni mtoto wa kaka yake. Basi kuhani yuko ugenini. Hana madhabahu, hana mji, amebaki na mdomo.

Shuleni tulifundishwa kutafuta migogoro. Hebu tuitafute. Wa kwanza unaonekana hata kwa kipofu, kati ya Enheduanna na Lugal-ane. Wa pili ni moto zaidi. Enheduanna ni mtumishi wa Nanna, mungu wa mwezi, na kwa cheo chake anahesabiwa kuwa mke wa mungu huyo. Amemlilia Nanna, na Nanna kanyamaza kimya. Hatoi hukumu, hata ya kumshinda. Hapo kuhani anafanya jambo ambalo si mchezo: anamruka mungu wake mwenyewe na kupeleka kesi kwa Inanna, ambaye ni binti wa huyohuyo Nanna. Hivi kweli, nani kati yetu angethubutu kuandika hivyo akiwa bado anadai kazi yake ya ukuhani? Mgogoro wa tatu uko ndani yake mwenyewe. Mtu ambaye kazi yake ni kuimba analalamika kwamba kinywa chake kilichokuwa kitamu kimeharibika. Kwangu mimi ninayetaka kuandika riwaya, hasara hiyo inaniuma kuliko ya mji.

Tuje kwenye fani, maana hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mistari zaidi ya 60 ya mwanzo ni sifa tupu. Inanna ni dhoruba, ni gharika, ni joka, na mlima uliokataa kumwinamia ameuchoma moto. Ukisoma mara ya kwanza unaguna: haya, rejista nyingine. Halafu ghafla anaingia "mimi", tena na jina lake kamili na cheo chake, na anaanza kueleza yaliyomfika. Kuanzia hapo kila sifa uliyoisoma inabadilika kazi. Kumbe ulikuwa ushahidi! Kama wewe unaweza kuuteketeza mlima, Lugal-ane ni nani? Msifuji alikuwa anampima hakimu nguvu zake, na kumfunga kwa maneno ambayo hakimu hawezi kuyakana bila kujikana.

Karibu na mwisho inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nguvu za Inanna zinatangazwa moja baada ya nyingine, kwa muundo uleule, mstari kwa mstari. Hii ni orodha ya makarani imerudi, ile ya samaki na vyombo. Ila sasa kila kipengele kinabisha hodi kwenye mlango uliofungwa. Nanna alitakiwa aseme, hakusema, basi hili linasemwa badala yake, na hili, na hili tena. Chomoa mstari mmoja hapo uone kama hodi haijapungua sauti. Chombo ni kilekile cha nyimbo 42, na kilichokiwasha ni mtu aliyefukuzwa.

Kisha shairi linajieleza lenyewe lilivyotungwa. Mtunzi anazungumza juu ya kazi hiyo kama uchungu wa uzazi uliompata usiku, na kuhusu mwimbaji atakayeirudia mchana mbele ya watu. Ni zamani mno kwa mtunzi kusimama katikati ya kazi yake na kusema hii nimeizaa mimi.

Kasoro? Ipo. Mwisho umeharakishwa. Mungu mke anaikubali sala, siku inakuwa njema, Nanna anafurahi, kwisha. Lugal-ane hatuambiwi kapata nini. Tena hapo sauti inabadilika, na Enheduanna aliyekuwa "mimi" anatajwa kama mtu mwingine. Tulichambuliwa jaji, mlalamikaji na mashitaka kwa uhondo wote, kisha hukumu ikasomwa haraka kama karani anayewahi daladala. Shairi lililojengwa juu ya kudai jibu lilistahili kutuonyesha jibu lenyewe.

Je, ni lake kweli?

Sasa najua kuna mshikaji atainua mkono: umejuaje kwamba aliandika yeye? Swali zuri, na wataalamu wenyewe wanalibishania.

Kwamba Enheduanna aliishi, hilo halina ubishi. Mwaka 1927 wachimbaji wa Leonard Woolley waliokota Ur vipande vya kisahani cha jiwe la alabasta, upana wake sentimita 25 hivi, kinachomwonyesha kwenye ibada na kumtaja kwa jina, cheo na baba. Kipo Philadelphia, Marekani. Imepatikana pia mihuri ya watu waliomtumikia, mmojawapo msusi wake wa nywele. Tatizo ni mashairi. Nakala tulizonazo za Nin-me-shara, ambazo ni kama mia moja, nyingi ni za kwenye miaka ya 1800 hadi 1700 K.K., yaani miaka 500 hivi baada yake. Na katika zile nyimbo 42 kuna mmoja unaohusu hekalu la Shulgi, mfalme aliyekuja baada ya Enheduanna kwa kama karne mbili. Kwa hiyo wapo wanaosema kazi hizi zilitungwa au kufinyangwa upya na makarani wa baadaye waliolipenda jina lake.

Angalia nakala hizo zilitoka wapi. Nyingi zimetoka Nippur, na waliozinakili ni wanafunzi. Katika nyumba moja tu iliyochimbuliwa kule mwaka 1951 na 1952, ambayo wachimbaji waliipa jina la Nyumba F, vilipatikana vibao na vipande karibu 1,400, vingi vya mazoezi ya shule. Mwanafunzi alianza na kukandamiza kabari, akaenda kwenye silabi, kisha orodha, kisha methali, na mwisho mashairi. Nin-me-shara lilikuwa mojawapo ya matini kumi zilizopendwa kufundishia. Yaani shairi hili halikuokolewa na kasri la mfalme. Limeokolewa na madaftari ya vijana waliokuwa wanajifunza kazi, wengine wakikosea herufi. Wanaodharau kunakili kazi za wakubwa kama njia ya kujifunza wakumbuke hilo.

Kuhusu mtunzi, msimamo wangu ni huu. Hata kama karani fulani asiye na jina ndiye aliyelitunga, karani huyo alijua kwamba shairi hili haliwezi kusimama bila jina ndani yake. Orodha haihitaji mwenyewe. Kesi isiyo na mlalamikaji inafutwa. Jina la Enheduanna limeingia kwenye shairi kwa sababu kuna mtu aliyetendewa jambo, na sifa zote zinategea mgongo wake. Mhakiki anaweza kuiacha mahakama ya historia iendelee, na bado akaliona hilo kwenye mistari.

Sisi wenyewe tunalo jambo linalofanana kwa kiasi fulani, ingawa halina uhusiano wa damu na Ur. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utenzi wake kwenye mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Watu wanaubishania kwa sababu ya mausia ya ndoa, na wana haki. Lakini utenzi huo una dua pia, na dua hiyo inakugusa kwa kuwa unajua anayeomba ni mama anayehofia kwamba hatakuwepo. Mtoe huyo mgonjwa, na dua itabaki ya kitabuni.

Turudi kwenye meza yetu basi. Juzijuzi tulijadili shairi la mwenzetu mmoja la kumsifu mama yake. Beti saba. Sita zinasema mama ni taa, mama ni nguzo, mama ni mwavuli. Ubeti wa tano peke yake unasema kwamba mama aliuza cherehani yake ili mtoto afanye mtihani, mtoto akafeli, na hadi leo mama hajalitaja hilo jambo hata siku moja. Wengi mezani walishauri ubeti huo uondolewe, eti unachafua sifa na unavunja mtiririko. Mimi nilipinga na bado napinga. Huo ndio ubeti wenye mdai. Mama amekaa kimya kama Nanna, na mtoto hajui kama amesamehewa. Beti nyingine sita zisukwe upya kuuzunguka huo, ili taa na mwavuli viwe na kazi ya kufanya: viulize, vidai, vibembeleze, vifanye chochote kile mbele ya ukimya wa yule mama.

Mhariri ameniambia shairi litatoka toleo lijalo na kwamba uamuzi wa ubeti wa tano ni wa mtunzi mwenyewe. Sawa. Namwomba asiuondoe. Na wewe mwenye shairi la sifa mfukoni, kabla hujalileta, jiulize huyo anayesifu anataka nini, na asipopewa atabaki na nini. Asiyekubaliana nami alete hoja, kurasa hizi ni zetu sote.